Mhuri Namba Kumi na Saba

5 Februari

Shikamoo Dada,

Nimefika salama, na kama Mama alivyoamuru, naandika. "Kwenye simu mnakatizana kauli," alisema siku ile tuliyogombana kabla sijaondoka. "Kwenye karatasi kila mtu atamaliza la kwake." Haya basi. Gari la vifurushi la kampuni linatoka hapa maabara kila wiki kwenda huko karakana yenu ya ndege, na dereva amekubali kubeba barua zetu.

Vile vibati ishirini vya alumini ulivyonifungia vimefika bila mkwaruzo. Kumi vya rangi ya njano, ile ya zamani, na kumi vya rangi yangu ya kijivu. Mkuu wa maabara ni mzee mkimya tunayemwita Bwana Chumvi. Alishika kimoja kwa ncha za vidole, akakigeuzageuza, akauliza, "Nani kaviandaa hivi?" Nikasema ni dada yangu. Akasema, "Huyo ana mkono." Nilifurahi kama nimesifiwa mimi.

Jana tumekichora kila kibati alama ya mkasi kwa sindano ya chuma mpaka alumini ikaonekana, tukavipanga ndani ya kabati la chumvi na kufunga mfuniko. Humo ni ukungu wa maji ya chumvi na joto, mchana na usiku, saa elfu tatu. Yaani siku mia moja na ishirini na tano. Rangi yangu ikivumilia kama njano inavyovumilia, jopo la kampuni litairuhusu ipakwe kwenye mabawa ya ndege. Isipovumilia, kazi ya miaka minne imekwenda na maji.

Nimepanga chumba juu ya duka la mshona mapazia. Cherehani zake zinaanza saa moja asubuhi na sakafu yangu inatetemeka mpaka jioni. Kitanda, meza, dirisha linalotazama ukuta. Sijambo.

Pua yako je? Bado inatoka damu ukipiga msasa? Usiniambie ni joto.

Mdogo wako,
Kitinda Mimba


14 Februari

Marahaba, mwanasayansi,

Barua yako imefika inanuka dizeli. Mama kasomewa mara tatu: kwanza na mimi, kisha na jirani, kisha na mimi tena kwa sababu jirani eti hasomi vizuri. Tulipofika pale pa "huyo ana mkono", nikanyamaza kidogo niifaidi sifa yangu. Mama akadakia, "Na mwenzake ana kichwa." Hapohapo! Hakunipa hata nukta moja.

Ngoja nikupe habari za nyumbani. Ule ukurasa wa jarida la kampuni wenye picha yako umetundikwa sebuleni. Unajua wapi? Kwenye msumari wa cheti changu, kile cha miaka ishirini ya kazi. Cheti kimehamia nyuma ya mlango wa jikoni, pale pa ufagio. Nikauliza kulikoni. Mama akasema, "Chako watu wameshakiona." Na wageni wakija natambulishwa: huyu ni dada yake injinia. Mimi! Mimi niliyekusimamisha juu ya debe la rangi ukiwa kidato cha pili ili uone maji yanavyokaa kwenye bati safi, leo ni dada yake injinia.

Na yale maneno chini ya picha niliyasikia siku jarida lilipotoka. Mkaguzi Mkuu aliyasoma kwa sauti saa ya chai, mbele ya wapaka rangi wote. "Enzi ya rangi ya njano imepita. Tunaachana na kazi za kizamani." Watu wakacheka, wakanitazama. Nikacheka na mimi, ningefanyaje? Miaka ishirini na mbili nimeipaka hiyo njano, na hakuna ndege iliyorudi imeoza mahali nilipopiga mhuri wangu. Namba kumi na saba ikiwa kwenye kadi ya kazi, mkaguzi hata hainami kuangalia.

Sina kinyongo. Nakwambia tu, usije ukashangaa cheti kimekwenda wapi.

Pua haijambo. Ni joto.

Dada yako,
Kifungua Mimba


3 Machi

Shikamoo Dada,

Yale maneno ya jarida si yangu. Nilimwambia yule mwandishi kwamba njano imewaumiza wanaoipaka, na kwamba wanastahili kitu bora. Kayakata, kayapika, akatoa hayo. Nilipoyaona nilitaka kukupigia, lakini ndiyo ilikuwa wiki ile hatuongei.

Nina jambo jingine. Tumefungua kabati leo, saa mia sita na hamsini. Njano zote ziko vilevile. Katika za kwangu, tatu zimetoa malengelenge. Madogo, kama kichwa cha pini, lakini yapo. Bwana Chumvi ameyahesabu kwa lenzi, akaandika namba kwenye daftari, akaenda zake.

Natafuta kosa nililofanya kwenye mchanganyiko. Wewe umeona rangi nyingi zikikataa kuliko mimi. Unadhani ni nini?

Mwambie Mama nakula vizuri, hata kama si kweli.

Mdogo wako,
Kitinda Mimba


12 Machi

Marahaba,

Pole sana. Pole, mdogo wangu. Malengelenge hayana adabu. Yakianza matatu subiri thelathini.

Nilimweleza Mama, na nakiri nilitaka nione atasema nini. Aliweka kijiko chini. Akaniambia, "Msaidie. Wewe ndiye unayejua." Basi nakusaidia. Mimi naona rangi yako haishiki bati. Njano inang'ata alumini. Ukiipaka unaisikia kabisa kwenye brashi. Hiyo ya kijivu niliipaka kwa mikono yangu, na ilikuwa inateleza tu, kama haitaki. Sikukwambia wakati ule kwa sababu mlishaipigia makofi, na mimi ni nani, mtu wa kazi za kizamani.

Labda umeharakisha. Umri wako mimi nilikuwa bado napiga msasa milango ya mizigo. Hakuna aliyeniweka kwenye jarida.

Usijitese. Rudi nyumbani ikishindikana, nafasi yako ipo. Juzi mwenzangu mmoja kaniambia naimba nikiwa kazini, hajanisikia nikiimba tangu mwaka jana. Nikamwambia ni hali ya hewa.

Dada yako,
Kifungua Mimba


25 Machi

Shikamoo Dada,

Saa elfu moja na mia moja. Za kwangu zote kumi zimevimba. Njano hata moja.

Nimekaa na vile vibati siku mbili, nimeviangalia mpaka macho yanawasha. Kitu kimoja kinanisumbua. Rangi mbovu huanza kushindwa pale palipochorwa, chumvi inapoingilia. Malengelenge yangu hayako kwenye mchoro. Yametawanyika katikati, mbali kabisa, mahali ambapo rangi ni nzima. Wewe ndiye uliyenifundisha: likivimba katikati, tazama chini yake, kuna mafuta.

Kwa hiyo nakuuliza, na tafadhali usikasirike. Siku ulipoviosha vile kumi vya kwangu, ulipomwaga maji, yalikaa? Yalitanda kwa nusu dakika bila kukatika, kama yanavyotanda pasipo na mafuta?

Nauliza tu ili nifunge huo mlango nitafute kwingine.

Mdogo wako,
Kitinda Mimba


2 Aprili

Wee mtoto,

Shikamoo yako nimeirudisha kwa dereva.

Unaniuliza mimi kama maji yalikaa? Mimi? Kadi ya kazi unayo. Hatua ya saba, kipimo cha maji, vibati ishirini, mhuri namba kumi na saba mara ishirini. Hujui kusoma? Ulipokuwa hujui tofauti ya asidi na siki, mimi nilikuwa namwaga maji kwenye bawa zima, natembea nayo kutoka ncha hadi ncha nikiyatazama, na yakikatika hata penye ukubwa wa kucha naosha bawa lote upya. Hayo ndiyo maisha yangu. Leo rangi yako imekushinda, unatafuta wa kumtwisha.

Hivi ndivyo wasomi mnavyofanya? Ikikubali ni akili yenu, ikikataa ni fundi hakuosha?

Waambie hao wa maabara wamuulize Mkaguzi Mkuu kuhusu namba kumi na saba. Na wewe usiniulize tena.

Kifungua Mimba


11 Aprili

Shikamoo Dada,

Hata kama utairudisha.

Naomba radhi. Nimeisoma barua yako nikaona aibu. Kila kitabu nilichonacho kinasema malengelenge ya katikati ni uchafu chini ya rangi. Lakini mhuri wako upo. Kwa hiyo ama vitabu vimekosea, ama rangi yangu ina ugonjwa ambao vitabu havijaujua. Kati ya vitabu na wewe nimechagua kukuamini wewe. Bwana Chumvi alinishauri tubandue rangi kwenye kibati kimoja tupanguse chini yake kwa pamba tuone. Nikamwambia hapana, huyo aliyeosha namjua.

Jopo linakutana tarehe 2 Mei. Nitawaambia naiondoa rangi yangu. Wataendelea na njano, na hakuna mwingine mwenye mbadala karibuni, labda miaka kumi ijayo.

Sasa maadam imekwisha, acha nikwambie kitu nilichokuficha. Ile likizo ya mwaka wangu wa mwisho chuoni, nilikuta leso zako zimelowekwa kwenye ndoo nyuma ya tangi. Maji yalikuwa mekundu. Nikakuuliza, ukasema umejikata kidole. Wakati wa kula nikavitazama vidole vyako, vyote kumi. Havikuwa na jeraha. Ile njano ina sumu, Dada, na unaijua. Vumbi lake linakula pua, likimaliza pua linashuka kifuani. Niliporudi chuoni nilibadilisha utafiti wangu wote. Mwalimu wangu alinishangaa.

Watu wanadhani nilitaka jina. Nawe umedhani hivyo, najua. Mimi nilitaka rangi ambayo ukiipiga msasa hutoki damu. Hilo tu. Nimeshindwa, na ninachokuomba sasa ni uvae ile barakoa nzito hata kama inakuletea joto.

Mdogo wako,
Kitinda Mimba


23 Aprili

Dada,

Dereva amekuja mara mbili bila barua yako. Nimemuuliza kama unaumwa, akasema hajakuona karakana juzi, wala jana yake. Mama yuko salama? Wewe uko salama? Kama ni hasira, niandikie hata tusi moja nijue mko wazima.

Kitinda


24 Aprili

Mdogo wangu,

Maji yalikatika.

Naandika hilo kwanza kwa sababu nikilizungushazungusha nitalipaka rangi. Siku ile nilikuwa nimemaliza vibati kumi vya njano tangu asubuhi, vizuri kabisa. Saa nne nikaenda chai. Jarida likasomwa, wakacheka, nikacheka. Nikarudi kwenye sinki na vibati kumi vya kwako. Nikaviosha kwa kitambaa kilekile nilichopangusia bawaba za mlango, nilikijua kina grisi. Nikavitia asidi kwa haraka. Nikamwaga maji. Yakakatika. Yalikuwa yamejikusanya vipandevipande kama jasho mgongoni, kibati cha kwanza, cha pili, vyote kumi. Niliyatazama, mdogo wangu. Sitaki useme nilipitiwa. Nikafikiria miaka yangu ishirini na mbili ya njano, nikachukua mhuri, nikapiga. Mara kumi. Kisha nikapaka rangi yako juu yake, vizuri, kwa mkono ule anaousifu Bwana Chumvi.

Ulipoandika kuhusu malengelenge matatu, niliimba. Hicho ndicho kilichonifanya niimbe. Donge lililokuwa limenikaa hapa kifuani tangu Januari lilishuka, nikala nikashiba. Halafu ukaniuliza wazi, nikakutukana.

Barua yako ya leso nilikaa nayo mfukoni siku tisa. Mbili kati ya hizo sikwenda kazini, nilikaa kwenye benchi la kliniki nikijifanya nasubiri kuitwa. Maana nina jambo na mimi. Tangu mwaka juzi daktari aliniambia ukuta wa katikati ya pua umetoboka. Tundu linaingiza ncha ya njiti ya kiberiti. Akanikataza njano. Sikumwambia mtu, kwa sababu nisipopaka njano mimi ni nani? Ni mama mmoja anayepiga kelele jikoni. Ile sumu ilikuwa yangu, na nilikuwa bingwa wake. Ulipokuja kuiondoa niliona unaniondoa mimi. Sikujua unaiondoa kwangu. Na hata ningejua, kwa roho niliyokuwa nayo siku ile, sina hakika.

Jana niliingia ofisini kwa Mkaguzi Mkuu nikauweka mhuri mezani. Akauliza, "Wino umeisha?" Nikamwambia kadi yako ina mihuri kumi ya uongo, na ni yangu. Alicheka kwanza. Kisha akafunga mlango. Ameandikia jopo barua, itafika kabla ya tarehe 2, usiiondoe rangi yako. Mhuri ameukata vipande viwili kwa koleo mbele yangu, ndivyo utaratibu ulivyo. Kila bawa nililopigia mhuri mwaka huu litaoshwa na kukaguliwa upya. Wenzangu ndio watakaofanya hiyo kazi. Leo asubuhi hakuna aliyenisalimia, isipokuwa mlinzi, naye ni kwa sababu hajasikia.

Wachukue pamba, wabandue, wapanguse. Watakuta grisi.

Sikuombi kitu.

Dada yako


3 Mei

Dada,

Tulibandua. Pamba ilitoka nyeusi. Bwana Chumvi aliiweka kwenye bahasha, akaandika tarehe, akaniachia chumba peke yangu.

Barua ya Mkaguzi Mkuu ilipofika, jopo lilikutana wiki iliyopita bila kusubiri tarehe 2. Wamenipa nafasi nyingine, kuanzia sifuri, saa elfu tatu upya, kwa sharti kwamba vibati vipya niviandae mwenyewe, hapa, na mhuri niupige mimi.

Sijakusamehe. Naandika ili usije ukadhani ukimya wangu ni msamaha. Wiki nane nimetembea nikijiona mjinga. Nilichana daftari zangu mbili. Nilimkatalia mzee wa watu asichunguze kibati kwa sababu wewe ni wewe. Ungetaka kunipiga ungenipiga, nimeshapigwa na wewe nikiwa mdogo na sikufa. Lakini mhuri! Umenifundisha kuuamini huo mhuri kuliko macho yangu, kisha ukanipiga nao.

Na kwa kuwa tunasemezana ukweli, sikia langu. Unaionea wivu picha iliyoko ukutani. Ichukue! Mama hajawahi kuniuliza mimi kama mchuzi umekolea. Ana miaka arobaini anapika, na kila siku anakupelekea kijiko wewe uonje kwanza, ukitikisa kichwa ndipo anaipua. Mimi nikiwa nyumbani anaweka sahani mbele yangu kama mgeni. Mimi niko ukutani, Dada. Wewe uko jikoni naye. Miaka yote nimekuonea kijicho kwa hicho kijiko, na sikuwahi kukuharibia kitu.

Sasa kazi. Nimeandaa vibati mara kumi na moja. Kila mara maji yanakatika. Sayansi yake naijua yote, naweza kukuandikia kurasa. Mkono sina. Naosha mpaka ngozi inabanduka, namwaga, yanakusanyika vipandevipande, na Bwana Chumvi anatazama dirishani kwa heshima. Siku nilizopewa na jopo zinakwisha.

Nimekuombea ruhusa. Utavaa kadi ya mgeni. Utakaa kwenye kiti, mikono mapajani, hutagusa kibati, hutagusa hata kitambaa. Nikikosea kushika utaniambia. Nikimwaga maji utayatazama, useme ndiyo au hapana. Ukisema ndiyo itabidi nikuamini tena, sina jinsi, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Basi linatoka huko Jumatano. Njoo au usije, lakini nijulishe.

Kitinda Mimba


10 Mei

Mdogo wangu,

Nakuja. Tiketi ninayo. Mkuu wa stoo ameniruhusu; huko ndiko nilikohamishiwa, nagawa glavu na barakoa. Wapaka rangi wanakuja dirishani, wanasaini huku wanatazama pembeni, wanaondoka. Nawapa zile nzito. Wakikataa nawaonyesha pua yangu, basi wanachukua.

Mama nilimwambia mwenyewe, sikutaka asikie kwa jirani. Hakunigombeza. Hakugusa picha yako, hakugusa cheti changu. Jioni yake alipika, akachota mchuzi kwenye kijiko, akanitazama, akauonja mwenyewe. Na leo ni siku ya tano anaonja mwenyewe. Kwa hiyo hicho kijiko hakuna aliye nacho kati yetu kwa sasa, usinionee kijicho.

Ameniagiza nikuletee blanketi. Nikamwambia huko ni joto. Akasema, "Peleka."

Nitakaa kwenye hicho kiti. Sitagusa kitu. Lakini kabla sijafika nataka ujue jambo, maana sitaki tena kupaka rangi juu ya grisi. Niliposoma kwamba maji yamekukatikia mara kumi na moja, nilifurahi. Nilikaa pale stoo nikatabasamu peke yangu kama mwendawazimu, kisha nikaona haya. Wivu haujaniisha, mdogo wangu. Nilidhani nikishautoa mhuri nao utatoka, haukutoka. Nitapanda nao basi Jumatano, tutashuka wote.

Kwa hiyo nisikilize, na hili ndilo somo la mwisho nililobakiwa nalo. Ukishamwaga maji usinitazame mimi. Tazama maji. Weka jicho usawa wa kibati, upande wa mwanga, usipumue juu yake, hesabu polepole mpaka thelathini. Nikisema ndiyo na wewe ukaona hapana, mwaga, uoshe tena. Hata nikiapa. Hata nikilia.

Dada yako,
Kifungua Mimba